Talaka Iliyokuja kwa Simu



Juma hili nimeliweka kando suala la mirathi ya mashamba ya minazi nililowaahidi, kwa kuwa limenijia jambo lisiloweza kungoja. Wanaosubiri mirathi waniwie radhi.

Siku ya Jumatano, baada ya swala ya alasiri, alinijia barazani mwanamke mmoja wa hapa Lunga Lunga akiandamana na mjomba wake. Wenyeji wa Kwale mnajua kwamba kwetu Wadigo jambo la mtoto wa dada halikamiliki pasipo mjomba. Baadhi ya mambo katika kisa hiki nimeyageuza ili asijulikane, na mwenyewe ameniruhusu kuandika. Alifungua fundo la leso, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha ujumbe wa mumewe, dereva wa lori la mizigo ambaye hupita mpaka wetu huu kwenda Tanga na kuendelea mbele. Uliandikwa saa tano za usiku: "Rudi kwenu. Mimi na wewe basi. Usinipigie." Hamkuwa na salamu wala neno talaka. Tangu usiku ule, simu ya mume haikupokewa tena.

Siku aliponijia, ujumbe ule ulikuwa umetimiza miezi minne na siku kadhaa.

Muda wote huo kila mtu alimpa hukumu yake. Mama mkwe alimwambia asitoke nyumbani kwani yeye bado ni mke wa mtu. Dada yake alimwambia akae eda. Jirani alimwambia eda imekwisha zamani, ajitafutie maisha. Mwalimu mmoja wa chuo aliitazama simu akasema, "Imepita." Mwingine akasema talaka ya simu si talaka. Katika hao wote hapakuwa na aliyemletea hata kilo moja ya unga. Amekuwa akiuza machungwa kituo cha magari ili awalishe watoto wawili, na mtu akimwuliza kama ana mume, hajui la kujibu.

"Maalim," aliniambia, "mimi ni mke wa mtu au si mke wa mtu? Niambie moja nilale."

Kabla sijaendelea, nakiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilionyeshwa ujumbe wa namna hiyo, nami nikasema papo hapo kwamba talaka imepita. Sikumtafuta mume. Sikuuliza simu ilikuwa mikononi mwa nani. Baada ya majuma matatu mume akaja kutoka safarini, akala kiapo msikitini kwamba simu ile alimwachia mdogo wake, na mdogo mtu mwenyewe akakiri kuwa ndiye aliyeandika, kwa ugomvi wao wa shamba. Mwanamke alikuwa amekwisha kufungasha vyombo na kurudi kwao. Tangu siku hiyo sikuipa tena picha ya ujumbe hukumu kabla ya kumsikia mwenye simu.

Watu huniuliza kwa mkato: "Sheikh, talaka ya simu inapita au haipiti?" Swali hili halijibiki kwa neno moja, wala si kwa sababu sharia imeshindwa na simu. Talaka inayokuja kwa maandishi imezungumzwa na mafakihi karne nyingi kabla ya simu kuwako. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia, aliieleza katika Minhaj, kitabu ambacho sisi Mashafi wa pwani tumekisoma kwa masheikh wetu na wao kwa masheikh wao. Muhtasari wa kauli yake ni kwamba mtu awezaye kusema akiandika talaka bila ya kuinuia, maandishi yale hayana hukumu. Akiinuia, kauli iliyo na nguvu ni kwamba inapita.

Basi kwetu sisi maandishi ni kinaya, hata kama neno lililoandikwa ni la wazi. Aliyetamka kwa ulimi wake, "Nimekupa talaka," haulizwi alikusudia nini. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kwamba ndoa, talaka na kumrejea mke ni mambo ambayo hata mzaha wake huhesabiwa kuwa kweli. Lakini aliyeandika kwa kidole huulizwa nia yake, na akiikana huapishwa. Madhehebu ya Hanafi yana tafsili nyingine: barua iliyo wazi, iliyoelekezwa kwa mke kwa namna ya barua zinavyoandikwa, wao huipa hukumu ya tamko. Kwa hiyo msishangae jirani yenu wa asili ya Kihindi akiambiwa na maulana wake tofauti na mlivyoambiwa ninyi.

Ujumbe wa yule dereva una kinaya juu ya kinaya. Neno "Rudi kwenu" nalo si talaka ya wazi. Mnakumbuka kisa cha Kaab bin Malik (R.A.), mmoja wa watatu waliobaki nyuma katika vita vya Tabuk. Alipoamrishwa kujitenga na mkewe alimwambia aende kwa jamaa zake mpaka Mwenyezi Mungu ahukumu, na haikuhesabiwa talaka, kwa sababu hakuikusudia. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Neno hilo hilo akilisema mwingine kwa nia ya kuacha, huwa ni kuacha.

Na kuna lililonifurahisha nilipokuwa kijana nikisoma mlango huu, ambalo leo limekuwa kama limeandikwa jana. Wanavyuoni walitofautisha kati ya mume anayeandika moja kwa moja "umeachika" akiwa na nia, na anayeandika "ukikufikia waraka huu, umeachika", na anayeandika "ukiusoma waraka huu". Wa kwanza, talaka yake hupita pale pale kalamu inapoandika kwa nia. Wa pili, hupita waraka unapofika. Wa tatu, ikiwa mke anajua kusoma, hupita anapousoma. Wakaendelea mpaka kwenye waraka uliofutika njiani kabla ya kufika. Leo hii vijana wananiuliza juu ya tiki mbili za buluu na juu ya mtu aliyeufuta ujumbe kabla mke hajauona. Jawabu ni lile lile. Aliyeandika kwa nia bila ya sharti kisha akafuta, amefuta maandishi tu, talaka hakuifuta. Aliyeweka sharti la kufika, na ujumbe ukafutwa usifike, sharti halikutimia.

Ujumbe wa sauti ni jambo jingine, na hapa akina baba watege masikio. Mtu anayebonyeza kitufe na kusema "nimekupa talaka" ametamka, hakuandika. Hilo ni tamko la wazi, nalo hupita alipolitamka, asikie mke leo au asikie mwezi ujao. Wapo wanaodhani sauti na maandishi ni mamoja kwa kuwa vyote vimepita katika simu moja. Ama yule aliyeandikiwa na mkewe "niache basi" naye akajibu kwa kidole gumba kilichosimama, mafakihi wamesema ishara ya mtu awezaye kusema haina hukumu ya talaka, na ipo kauli ya pili kwamba ni kinaya. Nimeletewa kesi ya kidole gumba mara mbili mwaka huu. Sikuwahi kufikiri ningeishi mpaka niione.

Ikiwa mambo yamewekwa wazi namna hii, shida ya mwanamke yule inatoka wapi? Inatoka hapa: hukumu yote imesimama juu ya nia, na nia imo moyoni mwa mtu aliyezima simu. Zamani barua za talaka zilikuja kwa majahazi kutoka Unguja, Pemba na Maskati. Barua ile ilikuwa na mjumbe. Nahodha aliijua familia, au mpwa wa mume aliileta mkononi, na mara nyingi chini yake paliandikwa majina ya mashahidi. Kadhi aliweza kumwita aliyeileta akamwuliza: alikupa lini, alikuwa katika hali gani, alisema nini? Simu imemwondoa mjumbe. Maneno yanamfikia mke usiku wa manane akiwa peke yake, na hakuna mtu wa tatu aliyeyaona yakitoka.

Mjumbe huyo ana asili katika Sunna. Fatima bint Qays (R.A.) alipewa talaka na mumewe akiwa safarini, mbali na Madina, kama ilivyo katika Sahih Muslim. Wakili wa mume alimpelekea shayiri kidogo, naye hakuridhika nayo. Hakukaa ndani akingoja majirani wampe hukumu. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe akauliza hali yake, akaelezwa haki yake na mahali pa kukalia eda. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika masurufu ya aliye katika hali yake, na sitaingia humo leo. Ninalotaka mlione ni kwamba talaka ya mbali ilikuwapo tangu zama zile, na dawa yake ilikuwa kuipeleka haraka mbele ya mwenye mamlaka ya kuhukumu.

Qur'ani nayo, katika Suratut Talaq, inaamrisha kushuhudisha watu wawili waadilifu, na inakataza kuwatoa wake majumbani mwao wakiwa katika eda. Wengi wa wanavyuoni wa Sunni wamesema kushuhudisha talaka ni jambo linalopendekezwa, si sharti la kuswihi. Ndugu zetu Ithnaasheri wamelifanya sharti. Sisi kwa kuwa tumeambiwa si sharti, tumelitupa kabisa. Hapo nadhani tumekosea, nasi masheikh tumekosea zaidi.

Sasa tutazame sheria ya nchi, kwa kuwa wengi wenu mnadhani haina neno katika mambo haya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 170, imezipa mahakama za Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa humo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imesema kuvunjika kwa ndoa ya Kiislamu kutafuata sharia ya Kiislamu, kisha ikamtaka Kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa, anaposimamia talaka, apeleke nakala ya hati yake kwa Msajili wa Ndoa. Usajili huu si mgeni pwani. Tangu mwaka 1906 palikuwa na sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu, ikadumu mpaka ilipofutwa na hiyo ya 2014. Babu zetu walikwenda kuandikisha talaka wakati ambapo safari ya kufika ofisini ilikuwa ya miguu. Sisi tuna matatu na bodaboda, na hatuendi.

Wanawake wengi huniambia, "Nitamthibitishiaje Kadhi? Sina shahidi, nina simu tu." Sikilizeni vizuri. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967 inasema ushahidi utafuata sharia ya Kiislamu, lakini mashahidi wote watasikilizwa bila ya ubaguzi wa jinsia wala dini, na kila jambo litaamuliwa kwa kupima ukweli wa ushahidi wote, si kwa idadi ya mashahidi. Kwa hiyo neno lako mwanamke linapimwa, na simu yako inapimwa pamoja nalo. Sheria ya Ushahidi ya nchi nayo, Sura ya 80, inaupokea ushahidi wa kielektroniki, na katika mahakama za kawaida hutakiwa hati ya kueleza umetolewa katika chombo gani na kwa njia gani. Ndiyo maana picha ya ujumbe iliyorushwa kutoka kundi hili hadi kundi lile haina uzito. Simu yenyewe, yenye ujumbe mahali pake, na tarehe na nambari yake, ndiyo yenye uzito. Msiufute ujumbe kwa hasira. Msiutume kwa shangazi kumi.

Na aliyeandika talaka kwa simu ya mwenziwe, kama yule mdogo mtu niliyemtaja, ajue kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inalihesabu kosa la jinai jambo la kujifanya mtu mwingine kwa hila kupitia vyombo hivi. Si mzaha wa kindugu.

Tunaoishi mpakani tuna tabu ya ziada. Ukivuka hapa kuingia Horohoro, umeingia nchi yenye sheria nyingine ya ndoa. Tanzania Bara inafuata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Huko, mume Mwislamu akitamka talaka, serikali haiihesabu ndoa kuwa imevunjika kwa tamko hilo peke yake. Shauri lapaswa kwanza kupelekwa kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Baraza likithibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mume au mke akafanya jambo ambalo kwa sharia ya Kiislamu lingeivunja ndoa, ndipo mahakama hutoa amri ya talaka. Kwa hiyo mtu aliyeoa Tanga na kuishi Lunga Lunga anaweza kuwa ameacha upande huu na hajaacha upande ule. Nimeshuhudia mirathi ikigombewa kwa sababu hiyo: bibi wawili, kila mmoja na karatasi yake, na marehemu hakuacha maelezo. Enyi mlioolewa ng'ambo, au mliooa ng'ambo, ulizeni mapema ndoa yenu imeandikwa wapi, kwani huko ndiko talaka yake itakakoulizwa.

Nchi nyingine zimeujia mlango huu kwa njia mbalimbali. Malaysia, mwaka 2003, mahakama moja ya Kisharia iliipokea talaka iliyotumwa kwa ujumbe mfupi, na mjadala ukawa mkubwa hadi serikalini, ingawa sheria zao za familia zinamhesabia kosa mume anayetoa talaka nje ya mahakama bila ya idhini, akapigwa faini au akafungwa. India, mwaka 2017, Mahakama ya Juu ya nchi ilibatilisha talaka tatu za mara moja, na mwaka 2019 Bunge likapitisha sheria inayozitaja hata zile za kielektroniki, adhabu yake kifungo kisichozidi miaka mitatu. Misri, mwaka huo wa 2017, rais alipotaka talaka ya mdomo isihesabiwe mpaka iandikishwe, baraza la wanavyuoni wakubwa wa Al-Azhar lilikataa: likasema talaka ya mdomo iliyotimiza sharti zake inapita, lakini likawahimiza waume waiandikishe mara moja.

Mimi katika hayo naegemea Al-Azhar. Hatuwezi kumwambia mtu aliyeachwa mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba yeye ni mke kwa sababu tu karani hajapiga muhuri. Hiyo ni kumhalalishia haramu. Wala sioni India imemsaidia nini mwanamke kwa kumfunga mumewe. Aliye gerezani haleti masurufu. Lakini kuandikisha, na kumwadhibu anayekwepa kuandikisha, sharia haikukizuia kitu hicho. Ni katika yale ambayo mtawala anaweza kuwalazimisha watu kwa maslahi yao.

Jambo lililonipendeza ni la Saudia. Tangu Januari 2019 mahakama zao, zinapothibitisha hati ya talaka, humtumia mwanamke ujumbe wa simu kumjulisha, ili asiachwe kwa siri akaishi na mume asiyekuwa mume. Chombo kile kile kilichokuwa kikimletea mwanamke fitina usiku, sasa kinamletea taarifa ya mahakama mchana. Hapa kwetu tangu mwaka 2024 mahakama zimesambaza nchi nzima utaratibu wa kufungua kesi kwa mtandao. Kama kesi inaweza kupita katika simu, wito wa Kadhi kwa mume aliyejificha Arusha au Dodoma unaweza kupita humo humo. Nawaomba makadhi wetu walitazame hilo.

Kwenu mama zetu na dada zetu, ujumbe kama huo ukikujia, andika siku na saa, na uandike pia hali yako ya tahara siku hiyo, kwa kuwa eda huhesabiwa tangu siku ya talaka, si tangu siku uliyopata fatwa. Usihame nyumba. Mjulishe walii wako na mtu mmoja mwaminifu wa upande wa mume, na jambo lifike kwa Kadhi ndani ya siku saba, si miezi minne. Usikubali sheikh yeyote akuambie "imepita" au "haikupita" kabla hajazungumza na mumeo. Na ukiona hataki kumtafuta, nenda kwa mwingine, hata kama sheikh huyo ni mimi.

Narudi kwa yule mwanamke. Nilimwita imamu wa msikiti na wazee wawili, tukampigia mume kwa simu ya mjomba, naye akapokea kwa kuwa hakuijua nambari. Nikamtolea salamu, nikajitambulisha, nikamwambia kwamba tupo watu wanne tunamsikia. Kwanza alisema ni hasira. Nikamwambia hasira nimeielewa, naomba aniambie kitu kimoja: kidole chako kilipoandika "rudi kwenu", moyo wako ulikusudia talaka au haukukusudia? Alinyamaza kitambo. Nilisikia honi za malori nyuma yake. Kisha akasema, "Niliikusudia, sheikh. Moja."

Nikamwuliza mkewe, kwa faragha, juu ya tahara zake, na neno la mwanamke katika hilo ndilo linalokubaliwa. Tahara tatu zilikuwa zimepita. Nilipomweleza mume hivyo, alisema upesi, "Basi mwambie nimemrejea leo, nakuja Ijumaa." Alidhani mlango bado uko wazi, kwa kuwa ni yeye aliyeufunga. Nikamwambia kwamba kurejea kuna muda wake ndani ya eda, na kwa maelezo haya eda imekwisha. Akimtaka tena, ni posa mpya, mahari mapya, walii, na ridhaa ya mwanamke mwenyewe. Vilevile anadaiwa masurufu ya siku zote za eda, na mut'a yake. (Sizungumzii ile ndoa ya mut'a; nakusudia kile kiliwazo anachopewa mke aliyeachwa.) Na watoto ni wake leo na kesho, pawe na talaka au pasiwe.

Mwanamke alikuwa amekaa nyuma ya pazia akisikia yote. Nilimwuliza kama ana neno la kumjibu. Akasema hana, ila tumwulize lini ataleta ada ya skuli ya mkubwa.

Mimi si Kadhi, na nililolisema barazani halina muhuri. Tumeyaandika maneno ya mume, wazee wawili wametia sahihi, na Jumatatu inshallah mjomba atampeleka kwenye mahakama ya Kadhi kule Kwale ili ahukumu mwenye kuhukumu na talaka iandikishwe. Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni akauliza kama achukue karatasi au simu. Nikamwambia achukue vyote viwili, na chaja.

Wallahu aalam. Mirathi ya minazi tutaizungumza juma lijalo, Mwenyezi Mungu akitujaalia uhai.